Probox inanizimia mteremko wa Isyonje, ikipumzika inawaka. Pampu nimeshabadilisha

MamaMaziwa_Kiwira

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Naomba msaada, hasa kwa mafundi na madereva mnaoijua barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu.

Nina Toyota Probox ya 2005, injini ya 1NZ, cc 1500, gia ya oto. Kazi yake ni moja tu. Saa kumi na moja alfajiri natoka Kiwira na maziwa, nakusanya kwa wafugaji wangu mpaka Isyonje, halafu nashuka Igawilo, Uyole, hadi Mwanjelwa na Soweto kwa wateja. Mzigo ni kama lita 250 kwenye keni na madumu. Miaka minne gari hili halijawahi kunilaza njiani.

Wiki tatu zilizopita, Jumanne, nimeshapita Isyonje naanza kushuka. Ukungu mzito, wanaopita huko asubuhi wanaujua, unaona tairi za lori la mbele tu. Nilikuwa kwenye 50 hivi. Ghafla kimya. Haikukohoa, haikutetemeka, ni kama mtu amezungusha funguo akaizima. Nikaanza kusikia vifuniko vya keni vinagongana huko nyuma, sauti ambayo siku zote injini inaifunika. Dashibodi ikawaka taa nyekundu, ya betri na ya oili. Usukani ukawa mzito. Nikakanyaga breki mara ya kwanza ikashika, ya pili ikashika kidogo, ya tatu pedali ikawa ngumu kama nakanyaga ukuta. Mbele lori la viazi, nyuma Coaster imejaa watu. Mungu alinisaidia, upande wa kushoto palikuwa na pale wanapopakilia viazi, nikaingia hapo, tairi la mbele likapanda tuta la udongo ndipo gari likasimama.

Kijana mmoja wa magunia akaniwekea jiwe nyuma ya tairi. Nikapiga stata, inazunguka vizuri lakini haiwaki. Nikakaa. Baada ya dakika kama ishirini na tano nikajaribu tena, ikawaka mara moja na kwenda mpaka Mwanjelwa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tangu siku hiyo imenifanyia hivyo mara nne. Fundi wangu alisema ni pampu ya mafuta, nikatoa shilingi 120,000. Siku tano ikatulia, ya sita ikazima karibu na Igawilo. Siku hiyo taa ya injini iliwaka. Fundi akachomoa betri, akasema kompyuta itajisahihisha, taa ikapotea. Akasema plagi, nikanunua zote nne. Ikazima tena. Sasa anasema injini imechoka, ninunue ya mtumba. Kwa bei aliyonitajia ningenunua mtamba mwenye mimba.

Naomba kujua mambo mawili. Kweli ni injini? Na ikinizimia tena mteremkoni kwenye ukungu ule, nifanye nini? Mwanangu wa darasa la tano nampakia kila asubuhi kumpeleka shule Uyole. Juzi nilimwacha apande daladala, na roho haikutulia mpaka jioni.

DerevaWaKitonga

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mimi ni mtu wa Mafinga, nimeendesha semi Dar hadi Tunduma miaka 22, Kitonga nimeipanda na kuishuka mpaka naiota. La ufundi nawaachia mafundi. Mimi nijibu hilo la pili, maana gari linatengenezwa, mtu hatengenezwi.

Ile breki iliyokuwa ngumu haikuharibika. Nyuma ya masta silinda kuna busta, kile chombo cheusi cha mviringo. Kinakusaidia kukanyaga kwa kutumia mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Injini ikifa, kinabaki na akiba ya kukanyaga mara moja, mbili, pengine tatu. Wewe ulikanyaga, ukaachia, ukakanyaga, ukaachia, akiba ikaisha. Siku nyingine kanyaga mara moja, kwa nguvu, ushikilie usiachie mpaka gari lisimame. Na hata akiba ikiisha breki zipo, ila zinataka mguu mzima. Sukuma mgongo kwenye kiti ukanyage kwa uzito wa mwili.

Usukani vilevile. Unakuwa mzito, haufungi. Atakayeufunga ni wewe ukichomoa funguo kwa woga. Funguo usiiguse mpaka umeelekeza gari pembeni.

Fuata mtiririko huu mpaka uwe mazoea: taa za hatari zote mbili washa kwanza, ili Coaster ya nyuma ikuone kwenye ukungu. Elekea kushoto. Kama barabara imenyooka na una nafasi, ingiza N, yaani gia huru, ujaribu kuwasha huku gari linatembea, maana la oto haliwaki likiwa kwenye D. Kushuka ukiwa N ni kosa siku zote, lakini hapa injini imeshakufa, haikushikii chochote. Ikiwaka rudisha D, au 2 kama mteremko ni mkali. Isipowaka mara moja acha kujaribu, shughulika na kusimama. Breki ya mkono unaivuta kidogo kidogo huku kidole kiko kwenye kitufe, usiivute yote kwa mkupuo.

Ukishasimama, jiwe kwenye tairi, kisha triango mbali nyuma yako. Kwenye ukungu wa Isyonje hatua kumi hazitoshi, tembea hatua hamsini na zaidi, na upande wa mlimani kata matawi uweke pia. Mtoto asibaki ndani ya gari. Mpeleke juu ya ukingo, mbali na lami.

Na mpaka litengenezwe, mtoto apande daladala. Hapo uliamua vizuri.

Njombe_Baridi

Dada pole. Mimi yangu ilikuwa inazima hivyohivyo, nikaambiwa mengi, mwisho ikawa ni kichwa cha waya wa betri kimelegea. Ukikitikisa kwa mkono kinacheza. Nikakisugua kwa msasa, nikakaza nati, basi. Anza hapo, ni bure.

Fundi_Sae

Habari mama. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Sae. Usinunue injini. Injini iliyochoka inakula oili, inatoa moshi, inakosa nguvu. Haizimi kimya halafu ikapumzika nusu saa ikapona.

Ndugu wa Njombe amesema jambo la kweli na kila mtu aanze nalo, lakini kwa huyu mama naona si lenyewe. Ukiwa na waya wa betri uliolegea, gari likizima kila kitu kinazima, redio, taa za dashibodi, vyote. Yeye anasema taa nyekundu zilibaki zinawaka. Umeme ulikuwepo.

Kabla sijasema kitu, nijibu haya:

1. Inazima baada ya muda gani tangu uwashe? Na mjini, safari fupi fupi za Mwanjelwa hadi Soweto, imewahi?
2. Ukipiga stata baada ya kuzima, ule mshale wa RPM, unaoonyesha kasi ya mzunguko wa injini, unanyanyuka hata kidogo, au unalala kwenye sifuri?
3. Huwa unatembea na mafuta kiasi gani kwenye tenki?
4. Taa ya injini ilipowaka, kuna mtu aliyeipima kwa mashine kabla betri haijachomolewa?

Hilo la nne linaniuma. Ile taa ikiwaka, kompyuta imeandika namba ya kosa. Ukichomoa betri unafuta maandishi, kosa lenyewe linabaki palepale. Jamani, wenye magari, taa ikiwaka msikubali betri iguswe kabla namba haijasomwa.

MamaMaziwa_Kiwira

Ahsante baba wa Mafinga. Nimeyasoma hayo mara tatu, nimemsomea na mume wangu kwa sauti, maana naye huwa analiendesha.

Fundi, majibu:

Mara zote tano ni baada ya kupanda kutoka Kiwira, injini ikiwa ya moto, kati ya dakika 40 na saa nzima. Mjini haijawahi hata mara moja. Kuondoka alfajiri na baridi ile, haijawahi.

Mshale sikuwa nimeuangalia. Leo asubuhi imenizimia tena, safari hii kwenye sehemu tambarare kabla ya Igawilo, namshukuru Mungu. Nikapiga stata macho yangu yako kwenye mshale. Haukunyanyuka kabisa. Ilipopoa nikapiga tena, mshale ukaruka kidogo hata kabla haijawaka, ikashika.

Mafuta naweka ya elfu kumi, elfu kumi na tano. Naweka kila siku ninavyouza.

Hakuna aliyepima.

Barabara_ya_Chunya

Mimi ningeangalia maji kwenye petroli. Huku kwetu ukiishiwa unanunua ya kwenye chupa pembeni ya barabara, masika yote hayo maji yanaingia. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya tenki, na pampu inanyonya chini.

Fundi_Sae

Ni kweli mkuu, na hilo limeshanipitia mkononi mara nyingi. Lakini gari lenye maji kwenye mafuta, au filta iliyoziba, au pampu inayokufa, linatoa taarifa. Linakohoa, linavuta na kuachia, ukikanyaga mafuta linakosa nguvu, ndipo linazima. La mama linakata kama swichi. Ukikuta la kukohoa, tafuta kwenye mafuta. Ukikuta la kukata ghafla, tafuta kwenye umeme. Si sheria ya asilimia mia, ila ndiyo inayoniongoza asubuhi kabla sijashika spana.

Mama, ule mshale wako ndio umesema. Mbele ya injini, chini karibu na puli ya krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, kuna sensa ndogo, ukubwa wake kama kidole gumba. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kwamba krenki inazunguka na imefika wapi. Kompyuta ikipata hiyo habari ndipo inajua wakati wa kupiga moto kwenye plagi na wakati wa kufungua nozeli za mafuta. Na mshale wa RPM unatoa habari yake hukohuko. Injini inazunguka na stata, unaisikia kwa masikio, lakini mshale umelala: maana yake kompyuta haina habari kwamba injini inazunguka.

Sasa angalia lililompoteza fundi wa kwanza, na simlaumu sana. Kwenye hizi Toyota, kompyuta ikiona krenki haizunguki inakata na umeme wa pampu. Imewekwa hivyo kwa usalama, ili gari likipata ajali na injini ikafa, pampu isiendelee kumwaga petroli. Kwa hiyo sensa ikifa, pampu nayo inanyamaza. Fundi anakuja, anasikiliza tenki, kimya, anasema pampu imekufa. Pampu haina kosa, imekosa amri tu. Hiyo ya zamani usiitupe.

Kwa nini ni kwenye joto tu? Ndani ya sensa kuna waya mwembamba kama unywele, umezungushwa mara nyingi sana. Ukizeeka unakatika mahali, lakini ukiwa wa baridi ncha zinagusana. Ukipata moto plastiki inatanuka, ncha zinaachana. Ukipoa zinarudi. Wewe unapanda mlima na lita 250, injini inachemka, ukianza kushuka mwendo ni mdogo, joto lote limekaa palepale chini. Ndiyo maana Soweto haikuzimii.

Bado ni dhana. Lilete Jumamosi nilipime, nisije nikawa nami nabahatisha na pesa yako.

La mafuta ya elfu kumi: pampu iko ndani ya tenki na inapozwa na petroli yenyewe. Ukitembea na tenki karibu tupu kila siku, tena kwenye miteremko ambako mafuta yanakimbilia upande mmoja, unaichosha. Robo tenki iwe ndiyo chini yako.

Mwl_Tukuyu

Fundi, hiyo sensa mtu anaweza kununua ya mtumba? Nauliza kwa sababu nina Raum yenye injini hiyohiyo na imeanza kunitisha.

Fundi_Sae

Kwa sensa hii sikushauri mwalimu. Ya mtumba imetoka kwenye gari la umri uleule, imekaa kwenye joto lilelile. Bampa nunua ya mtumba, kioo nunua cha mtumba. Sensa ya krenki nunua mpya, na umwambie wa duka la spea akuonyeshe namba ilingane na ya zamani.

MamaMaziwa_Kiwira

Ndugu zangu, nimerudi na habari. Nitaeleza kwa kirefu kidogo maana nilichokiona nataka na wengine wakijue.

Jumamosi nilifika Sae saa nne na gari la moto, makusudi, nimelipandisha mlima na keni zimejaa maji badala ya maziwa. Halikuzima njiani. Fundi kwanza akachomeka mashine. Ikatoa P0335. Akasema hiyo ndiyo namba ya sensa ya krenki, imejiandika siku ile ya tambarare kabla ya Igawilo, baada ya betri kurudishwa. Nilidhani ataifungua na kuitupa papo hapo. Akasema namba inataja njia nzima, sensa, waya na soketi, haimtaji mwenye kosa.

Akanyanyua gari, akatoa tairi la mbele, akaingiza mkono. Soketi ya sensa ilipotoka ilikuwa imelowa oili, nyeusi inang'aa. Sili ya krenki, ule mpira wa kuzuia oili, inavuja, tone kwa tone, inashukia palepale. Waya mmoja ganda lake limekauka, ukilikunja linavunjika kama ganda la karanga. Mimi mwenyewe nilishika.

Halafu akaiweka sensa juu ya meza, akaunganisha mita. Ikasoma vizuri, ilikuwa imeshapoa. Akamtuma kijana wake saluni ya jirani akaazime draya ya nywele. Akaanza kuipuliza sensa kwa mbali. Namba za mita zikawa zinapanda polepole, akasema hilo ni la kawaida, waya ukipata joto namba inapanda. Tukasubiri. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nimeinama naangalia kioo cha mita, na wateja wake wawili nao wameinama. Mara namba zikapotea, ikabaki OL, yaani mita inaona waya umekatika. Fundi akazima draya akaweka sensa kwenye kitambaa kilicholowa maji. Tukahesabu. Haikufika dakika mbili, namba zikarudi.

Sikuweza kusema kitu. Wiki nne za hofu, pampu, plagi, injini niliyokaribia kuinunua, na jambo lenyewe linakaa kwenye kiganja.

Sensa mpya 95,000. Sili, waya na soketi pamoja na ufundi 60,000. Fundi hakukubali kuweka sensa mpya juu ya sili inayovuja.

Leo ni siku ya tisa. Nimepanda kutoka Kiwira kila siku, mara mbili kwenye mvua. Haijazima. Zile siku tatu za kwanza mikono ilikuwa inatoka jasho kila nikifika pale penye tuta la udongo, na nilikuwa napita taratibu mno, wa nyuma wakipiga honi. Sasa napita.

Yale ya baba wa Mafinga nimeyafanyia mazoezi. Jumapili mume wangu alinipeleka kwenye kiwanja cha mpira kijijini, tambarare, hakuna watu. Nikiwa kwenye mwendo wa 20 nikarudisha funguo nyuma hatua moja tu, mpaka ACC, bila kuichomoa. Nikakanyaga breki mara moja na kushikilia. Gari likasimama vizuri kabisa. Nikarudia, safari hii nikakanyaga kidogo kidogo kama siku ile, pedali ikawa ngumu mguuni kama nilivyoikumbuka. Kila mwenye gari angejaribu mara moja mahali pa salama, mguu ujue tofauti. Mtoto bado anapanda daladala mpaka mwezi huu uishe. Nimeamua hivyo.

Ndaga fijo, asanteni sana wote.

DerevaWaKitonga

Kamwene mwanangu. Nimefurahi sana. Hilo zoezi la kiwanjani makampuni ya malori yangewafanyia madereva wapya wote. Triango umenunua?

MamaMaziwa_Kiwira

Nimenunua mbili, baba. Moja ya mbele ya gari, moja ya nyuma. Na lile jiwe la yule kijana ninalo bado nyuma ya kiti.

Fundi, nina swali dogo limebaki. Alfajiri ikiwa ya baridi, nikiwasha inashuka sana, inatetemeka karibu izime, kisha inakaa sawa baada ya dakika mbili tatu. Mshale safari hii naona unafanya kazi, unacheza kwenye 500.

Fundi_Sae

Hilo ni jingine mama, wala usilale na wasiwasi. Mara nyingi ni mlango wa hewa umejaa masizi, na huko kwenu alfajiri ni baridi, uchafu kidogo tu unaonekana. Unasafishwa kwa dawa yake na brashi laini, kazi ya saa moja. Usimruhusu mtu auchokonoe kwa bisibisi. Pitia Jumatano ukishashusha maziwa, na nitaangalia pia kama ile sili imeshika.